Mjadala: Jengo la MIOME pale Tudor lirudishiwe mafundi?

Watu wa Mombasa, salaam. Leo nataka tubishane juu ya lile jengo la kale la kuba na matao pale Tudor, ndani ya Technical University of Mombasa. Mimi nasema lirudi kufundisha kazi za mikono, na kazi za mikono tu.

Hapo ndipo chuo hicho kilipoanzia, kikiitwa MIOME, yaani Mombasa Institute of Muslim Education, chuo cha ufundi cha Waislamu kilichopata hati yake ya kuanzishwa 1948. Pesa zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora (jumuiya ya Waislamu wa asili ya Kihindi) na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951, wakasoma umeme, mitambo, useremala na ubaharia. Hebu litazameni hilo la ubaharia. Shule nyingi za wakati ule zilikuwa za misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu wa pwani waliogopa kuwapeleka watoto huko. Bandari iko mlangoni, vijana wanaitazama tu. Ndiyo maana waliochanga walitaka karakana, hawakutaka chuo cha makarani.

Baada ya uhuru mlango ukafunguliwa kwa dini zote, jambo jema kabisa. Jina likawa Mombasa Technical Institute 1966, kisha Mombasa Polytechnic 1972. Hapo bado tulikuwa pamoja. Mambo yaligeuka 2007, ilipofanywa chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Tangu hapo mzazi anauliza digrii, fundi anaonekana aliyefeli. Nani anabisha?

*Jibu:* Nabisha mimi, ndugu yangu. Stashahada za ufundi bado zinatolewa pale pale Tudor. Na anayetaka ufundi mtupu, Kenya Coast National Polytechnic iko. Mbona mtoto wa Nairobi akipata chuo kikuu cha ufundi ni maendeleo, sisi wa pwani tukipata ni hasara? Tulidai chuo kikuu miaka mingi. Tusianze kukirudisha.

*Mwenye mada:* Hapo kwa Nairobi umenibana, maana Kenya Polytechnic ya huko nayo ilipandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki 2007 hiyo hiyo. Lakini sijasema chuo kikuu kifungwe, sheikh wangu. Digrii zibaki kwenye majengo mengine. Nauliza jengo moja tu: likijaa wanafunzi wa useremala na ubaharia, chuo kikuu kitapungukiwa nini?