Mama (74) anakonda, hataki kula, amenyamaza. Ni uzee tu?

Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri.

Mama yuko Njombe. Tangu Januari ameshuka kutoka kilo 61 hadi 49. Anashinda kibarazani anaangalia njia, haongei. Tulijua ni majonzi, baba alifariki mwaka jana. Sukari, TB, UKIMWI, vyote hana. Akapewa vitamini na dawa za usingizi.

Jumapili nilikuwa namwosha miguu, nikamshika kiganja. Mapigo yanakimbia, yanaruka moja, yanakimbia tena. Rovu, ule uvimbe wa shingoni, analo tangu sijazaliwa, halimuumi. Nianzie wapi?

Nesi Mstaafu: Pole sana mwanangu. Anzia kwenye hilo rovu. Rovu ni tezi ya shingoni (thyroid) iliyovimba. Kijana tezi hiyo ikizidisha kazi utamwona: anatetemeka, jasho, hatulii. Mzee anaweza kuwa kinyume kabisa, amepoa, hamu ya kula imekufa, na wote tunasema ni huzuni. Rovu la miaka mingi lenye vinundu huweza kuanza kumwaga homoni ovyo uzeeni, na huko kwenu lilikuwa jambo la kawaida kabla ya chumvi ya madini joto. Omba TSH na T4, vipimo vya damu vya tezi, na ECG, kipimo cha mapigo ya moyo. Mapigo hayo ndiyo yananitisha. Moyo ukienda bila mpangilio damu inaweza kuganda ndani yake, bonge likapanda kichwani, ukasikia kiharusi. Usingoje mwisho wa mwezi. Mdomo ukipinda, kifua kikibana au akikosa pumzi, mkimbizeni hospitali usiku huohuo.

Kitinda Mimba: Kwa mzee wangu tezi ilizembea. Koti la baridi Dar, Februari, saa nane mchana! Anasahau, choo kigumu, sauti nzito. Tukasema umri. Walimwanzishia levothyroxine, vidonge vya homoni ya tezi, mikrogramu 25 tu kwa sababu ya moyo, wakapandisha polepole. Anameza alfajiri kwa maji, chai baada ya nusu saa. Dada, usije ukamgawia mama dawa ya mtu kama huyu eti wote ni tezi. Itamchochea moyo zaidi.

Mwenye uzi: Asanteni mno. Kaka anampeleka hospitali ya rufaa kesho alfajiri. Nimemwambia aanze kumweleza daktari mapigo, habari ya kutokula baadaye. Mama afunge?

Nesi Mstaafu: Hapana, kwa TSH ale tu uji wake. Ila mbebeeni dawa zote anazomeza na hizo vitamini pia. Zikiwa na biotini (aina ya vitamini B) huweza kupotosha majibu, daktari lazima ajue.