Niliuza soko liliposhuka, nirudi lini?

Mgeni wa Hisa
Habari zenu wakuu. Soko lilipokuwa chini kwa asilimia 22 kutoka kileleni niliuza vipande vyangu vyote vya mfuko wa fahirisi (ule unaonunua hisa za kampuni zote zilizo kwenye kipimo fulani cha soko). Sasa limepanda kidogo, na fedha zimelala kwenye akaunti ya akiba. Naogopa nikirudi litashuka tena, nikikaa litaniacha. Sizihitaji kwa miaka 10. Nisubiri dalili gani?

Kikokotoo
Mkuu, habari nzuri huja soko likiwa limeshapanda. Mwaka 2009 fahirisi ya S&P 500 (kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani) ilifika chini kabisa tarehe 9 Machi, lakini ukosefu wa ajira Marekani uliendelea kupanda hadi Oktoba, ukagusa asilimia 10. Aliyesubiri ajira zitulie alinunua ghali zaidi. Mwaka 2020 fahirisi hiyohiyo ilipoteza karibu asilimia 34 kati ya 19 Februari na 23 Machi, na Agosti ikawa imeshavuka kilele cha zamani.

Kwa hiyo tumia kalenda. Gawa fedha mafungu 6, nunua fungu moja kila mwezi kwa tarehe moja, na uandike tarehe zote sita leo. Ongeza kanuni moja tu: fahirisi ikishuka asilimia 10 chini ya ilipo leo, fungu linalofuata linunuliwe mara moja. Ikipanda, usiruke fungu. Wengi huharibu hapa: wananunua la kwanza, bei inashuka, wanasema "ngoja kwanza", na mpango umekufa.

Kihesabu, kuingiza zote kwa mpigo hushinda mara nyingi zaidi, kwa kuwa masoko hupanda mara nyingi kuliko yanavyoshuka. Mafungu yanakupa utulivu, na wewe uliyeshauza kwa hofu unauhitaji.

Mdau wa Oda
Nyongeza kwa Kikokotoo: angalia kamisheni. Kama dalali ana kiwango cha chini kwa kila oda, kigawe kwa thamani ya fungu. Kikizidi asilimia 0.5, punguza mafungu yawe 3. Weka oda yenye bei kikomo (isiyonunua juu ya bei uliyotaja), hasa kama wanunuzi na wauzaji ni wachache. Oda ya bei yoyote inaweza kukunasa juu sana.

Mizania
Ni mfuko wa soko gani? Yote hayo juu ni ya Marekani. Fahirisi ya hisa ya Nikkei ya Japani ilifunga mwaka 1989 ikiwa pointi 38,915, na haikukivuka kiwango hicho hadi Februari 2024. Kampuni mojamoja ni hatari zaidi: nyingine hazirudi kabisa. Huko soma kwanza mtiririko wa fedha na madeni yanayoiva karibuni, kabla ya kutazama bei.

Mgeni wa Hisa
Asante sana wakuu. Ni mfuko wa dunia nzima. Niliwekeza akiba yangu yote humo.

Mizania
Basi tatizo lako limeanzia hapo, si kwenye tarehe. Kwanza tenga matumizi ya miezi 6, yasiguse hisa kamwe. Kwa kilichobaki, usirudi asilimia 100, maana kiwango hicho ndicho kilichokushinda. Ukiweka asilimia 60 kwenye hisa na 40 kwenye hatifungani (mikopo unayoipa serikali au kampuni kwa riba) za muda mfupi au amana, hisa zikianguka asilimia 30, jumla yako inashuka takriban 18 kama hiyo 40 haikutikisika. Uliuza kwenye 22, hivyo hiyo 18 pengine utaivumilia. Ukiona bado ni nzito, anza na 50, ambayo inakupa 15. Mafungu 6 ya Kikokotoo yahesabu kwenye sehemu ya hisa pekee, na hiyo nyingine iweke mahali pake wiki hii.

Kikokotoo
Hapo naungana na Mizania. Na bei uliyouzia ifute kwenye daftari. Wengi hukaa wakisubiri soko lirudi hadi bei hiyo ndipo wanunue, miaka inapita.