APK za nje ya duka: memori kadi ya fundi, tovuti za APK au F-Droid?

Nahodha_Mokowe
Asalaam aleikum wana Amu na Malindi. Nimepata simu ya Huawei, betri inakaa vizuri, ila ndizo hizi za baada ya 2019 zisizo na duka la Google. AppGallery, duka la Huawei wenyewe, ipo lakini sipati yote. Nataka vitu vitatu tu: WhatsApp, VLC ya kuchezea video, na ramani isiyotaka mtandao. Kuna fundi Langoni anatia programu kwa memori kadi, kazi ya dakika chache na bando langu linabaki. Mwanangu ananiambia niende tovuti za APK, yaani mafaili ya kusakinishia programu. Mwingine anataja F-Droid, duka jingine la programu. Ipi bora?

Binti_Shela
Waaleikum salaam nahodha. Usitafute njia moja ya vyote. WhatsApp ichukue kwenye tovuti yao wenyewe, APK wanaitoa pale pale. Jua tu kwamba bila huduma za Google nakala ya mazungumzo haitaenda Google Drive, kwa hiyo ibaki kwenye simu.

VLC na ramani chukua F-Droid. Ramani ni Organic Maps. F-Droid hawapokei programu ila ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa wote, na nyingi wanaziunda wao wenyewe kutoka kwenye msimbo huo. Programu ikiwa na jambo la kutiliwa shaka, kama kufuatilia mtumiaji, wanaliandika kwenye ukurasa wake kabla hujaipakua. Dosari ni kwamba matoleo mapya hukawia, na za benki huzipati kabisa.

Fundi_Mkomani
Mafundi mnatuonea bwana. Faili haliharibiki kwa kupita kwenye kadi. Kila APK ina sahihi ya aliyeitengeneza, na ukisasisha, Android hulinganisha sahihi mpya na ya zamani. Zikitofautiana inagoma.

Binti_Shela
Kweli fundi, lakini hiyo ni wakati wa kusasisha. Mara ya kwanza simu haina cha kulinganisha nacho. Mtu akiifungua programu, akatia lake, kisha akaitia sahihi yake, simu mpya itaipokea bila neno. Na hapo ndipo nahodha alipo, kila kitu anakitia kwa mara ya kwanza.

Fundi_Mkomani
Hapo umenishika. Basi amuulize fundi faili amelitoa wapi na ni toleo la lini. Kadi nyingine zina mafili ya zamani sana.

Kijana_Barani
Malindi hapa. Tovuti za APK hazifanani. APKMirror wanakagua sahihi kabla ya kupandisha na hawaweki programu za kulipiwa zilizovunjwa. Tovuti yoyote inayokupa bure kitu kinachouzwa, ikimbie. Halafu angalia vitufe: juu kuna "Pakua" kubwa ya kijani, hiyo ni tangazo. Ya kweli ni maandishi madogo chini, karibu na jina la faili na ukubwa wake. Na ukikuta faili linaishia na XAPK au APKM, limekatwa vipande, kuligusa tu hakutoshi, linataka programu nyingine ya kulisakinisha. Kwa mtu anayetaka vitu vitatu naona ni taabu ya bure.

Mama_Duka_Langoni
Na zile WhatsApp za rangi rangi, zenye kuficha kwamba umesoma? Vijana wote wa hapa wanazo.

Kijana_Barani
Mama usiziguse. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, waligundua toleo moja la FMWhatsApp limebeba kirusi cha Triada. Na WhatsApp wenyewe wamesema wanafunga kwa muda akaunti za wanaotumia matoleo hayo. Kwa mwenye duka, wateja wote wako kwenye namba hiyo!

La pili, programu ya nje ikiomba ruhusa ya ufikivu na wewe hujui kwa nini, kataa. Ruhusa hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza badala yako. Tangu Android 13 simu huizuia kwanza kwa programu nyingi zilizotoka nje, lakini watu hufundishwa namna ya kuifungua.

Nahodha_Mokowe
Shukran. Na nasikia Google wanataka kuyafunga haya yote?

Binti_Shela
Agosti 2025 walitangaza kwamba watengenezaji watatakiwa kujisajili kwa majina yao halisi hata kwa programu za nje ya duka, kuanzia Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha kwingine. Ni kwa simu zilizoidhinishwa na Google, yako haimo.

Ukimaliza kusakinisha, rudi kwenye mipangilio, sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, uizimie kivinjari ruhusa. Tangu Android 8 inatolewa kwa kila programu peke yake, kwa hiyo iachie F-Droid tu.

Nahodha_Mokowe
Haya, WhatsApp na VLC tayari. Hiyo ramani inaonyesha Mkanda, ule mkondo kati ya Manda na bara?

Binti_Shela
Inaonyesha kisiwa na njia za nchi kavu, kina cha maji haina. Pakua sehemu ya Kenya ukiwa kwenye waifai, ni faili zito. Mambo ya bamvua na maji mafu pale Mkanda wewe ndiwe utakayetwambia sisi.

Fundi_Mkomani
Na ukikwama, duka liko nyuma ya Mkunguni. Waifai ipo, kadi nitaiweka kando.