Kandege kanakonyonya maua hapa Bwiru, Mwanza, ndiko kale kanakovuka bahari?

Kijana_wa_Bwiru
Wakuu, habari za humu. Kuna video inazunguka WhatsApp ya ndege mdogo anayeelea mbele ya ua bila kutua, mabawa hata hayaonekani, na msimulizi anadai kila mwaka huvuka bahari peke yake. Sasa hapa nyumbani kwenye hibiskasi kuna kandege ka kijani kinachong'aa, mdomo mrefu umepinda, mkanda mwekundu kifuani. Bibi anasema wapo tangu anahamia hapa, ila kuna vipindi hawaonekani kabisa. Ni huyo huyo? Akipotea anaenda wapi? Na nikimwekea maji ya sukari kuna ubaya?

Sato_Mkavu
Ndiye huyo huyo mkuu, masika anakwenda Ulaya. Ila hiyo ya kuvuka bahari ni chumvi. Watu tunapanda meli hapa mjini jioni, tunaamka Bukoba, ng'ambo ya Ziwa Victoria, tumechoka, na tulikuwa tumelala! Sembuse kitu cha gramu 3?

Mwalimu_wa_Miche
Sato, taratibu. Nimefundisha baiolojia mpaka nimestaafu, sasa nauza miche, na hao ndege wote wawili nimewaona kwa macho yangu.

Wa kwako, kijana, ni chozi. Wa kwenye video ni ndege-mvumaji, na wavumaji wanaishi Amerika tu, hakuna hata mmoja Afrika. Si ndugu wa karibu: kila ukoo umefika kwenye nektari, yale maji matamu ya ua, kwa njia yake. Mtazame chozi wako asubuhi. Atashika kijiti kwanza, ndipo ainame kunyonya. Kuelea anaweza, ila kwa muda mfupi. Kisha okota ua la hibiskasi ulikague kwenye kitako. Ukiona kitundu, ujue alichoma pembeni akanywa bila kugusa chavua. Mwizi kabisa.

Binti yangu anaishi Texas, karibu na Ghuba ya Meksiko. Nilikaa kwake mwezi wa Septemba, wavumaji koo-jekundu wakiwa wanashuka kusini. Dume akikaa kivulini koo lake ni jeusi tii. Akigeuza shingo kidogo tu, linawaka jekundu, kwa sababu wekundu ule hautoki kwenye rangi, ni mwanga unavyogonga manyoya. Kijani cha chozi ni vivyo hivyo. Na ugomvi! Chupa ya maji ya sukari ina matundu ya kutosha, lakini mmoja anataka yote yawe yake, anawafukuza wenzake kutwa nzima.

Sasa bahari. Ni kweli hana uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Lakini kabla ya safari hula nektari na wadudu mpaka uzito unakaribia kuwa mara mbili, na nyongeza karibu yote ni mafuta. Kisha wengine hufuata pwani, wengine hukata Ghuba moja kwa moja, kama kilomita 800. Ziwa letu kutoka kusini hadi kaskazini ni kama nusu ya hapo tu. Na kinda wa mwaka huo huo huondoka peke yake, bila mama wala baba wa kumwonyesha njia.

Sato_Mkavu
Shikamoo mwalimu. Nimenyoosha mikono. Ila kamwili ka namna hiyo kanalalaje? Si usiku mmoja tu bila kula anakufa?

Mwalimu_wa_Miche
Marahaba. Swali zuri, afadhali umeacha Ulaya yako. Akiwa kazini moyo wake unaweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na mabawa kama mara 50 kwa sekunde. Usiku wa baridi, au akiba ikiwa ndogo, anajizima: joto la mwili linashuka sana, moyo unapungua hadi makumi machache kwa dakika. Ukimkuta hivyo utasema amekufa. Kabla ya kuruka tena inabidi atetemeke kwanza mpaka mwili upate moto.

Kijana, chozi wako haendi mbali hivyo. Anafuata maua: ya kwenu yakipungua, anahamia kwenye migomba ya jirani au mishubiri ya mawe ya juu. Anayetoka Ulaya kweli ni mbayuwayu, wale wanaojipanga kwenye nyaya za umeme kuanzia Septemba, Oktoba hivi.

Maji ya sukari achana nayo, utafuga nyuki na sisimizi. Panda maua. Na ukikuta kifuko kinaning'inia kwenye tawi au waya, kimefumwa kwa majani makavu na utando wa buibui, mlango ubavuni, usikiguse. Ni kiota cha jike.

MamaJose_Igoma
Mwalimu, mbona mimi jioni naona kanaelea kabisa kwenye maua yangu, hakatui hata kidogo? Na kanavuma.

Mwalimu_wa_Miche
Kigiza kikianza kuingia? Huyo ni nondo, mama Jose. Kuna nondo wanene wenye mrija mrefu wanaokunywa huku wanaelea, wamedanganya wengi. Mmulike kwa tochi ya simu: ukiona vipapasio viwili kichwani, si ndege.

MamaJose_Igoma
Anavyo. Na huo mrija ameukunja kama springi.