MREJESHO: Dagaa wameingia Ujerumani, samli imebaki Mwanza

Wadau, niliuliza kama naweza kumpelekea dada yangu Hamburg dagaa, samli na maembe. Nimeshafika, nashukuru kwa majibu.

Uhamiaji Frankfurt waliangalia pasi na viza, wakanipiga picha ya uso, wakauliza nafikia kwa nani. Barua ya mwaliko, tiketi ya kurudi na bima (ile ya angalau euro 30,000) nilikuwa nazo mkononi, siyo kwenye begi kubwa. Msizitie huko.

Forodha ndiyo kulikuwa na sinema. Afisa alifungua mfuko wa dagaa, akanusa, akarudisha kichwa nyuma kama kapigwa kofi! Akauliza kilo ngapi. Samaki kwa matumizi binafsi mwisho kilo 20, wangu hawakufika hata 5, akanifungia zipu mwenyewe. Nyama na vitu vya maziwa kutoka kwetu ni marufuku, kwa hiyo samli niliiacha. Maembe yanadai cheti cha afya ya mimea; nanasi, ndizi na nazi hazidai, nikabeba nazi.

Aliyeuliza kuhusu pesa taslimu: kuanzia euro 10,000 unatangaza. Mimi hilo halikunihusu, jamani.