"Convene": ni kuitisha au kukutana?

Swali: Wakuu, natafsiri kumbukumbu za kikao. Sehemu moja "convene" ni kuitisha, nyingine ni kukutana. Nishike lipi? Na asili yake?

Jibu: Yote mawili, angalia kama kuna yambwa (kinachotendewa). "The chair convened the committee": mwenyekiti aliitisha kamati. "The committee convened": kamati ilikutana. Ukiandika "kamati iliitisha" hapo pa pili, msomaji atauliza iliitisha nini.

Jibu: Asili ni Kilatini, convenire: con- "pamoja", venire "kuja". Kiingereza kinalo tangu karne ya 15. Ndugu zake ni "convention" na hata "convenient", maana kitenzi hichohicho cha Kilatini kilimaanisha pia kuafikiana, kufaa. Usilichanganye na "convoke", linalotokana na vocare, "kuita". Hilo ni kuitisha tu, halikutani.

Jibu: Nyongeza: ni neno rasmi. Bunge, jopo, mahakama, sawa. Marafiki kwenye chai, hapana, labda kwa utani. Na "reconvene" ni kurejea kikaoni baada ya kuahirishwa, si kuitisha kikao kipya. Wengi hukosea hapo.

Muuliza swali: Shukrani, nimeelewa.