Nimepewa cheo shirika la kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, ila usingizi umenikimbia. Nisaini?

Wa_Tandika

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri. Shirika sitalitaja, msinibane.

Mimi ni wa Singida. Nilikuja Dar nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza la saba, nikashushwa Ubungo enzi stendi bado iko pale, na mama mmoja aliyejulikana kijijini kama ndugu wa jirani. Kazi za ndani, Tabata. Mshahara alikuwa anapokea huyo huyo mama. Yaliyofuata siyaandiki hapa, nimeyasimulia mno, na ndiko shida yangu ilikoanzia.

Shirika lililonisaidia kutoka ndilo ninalofanyia kazi sasa. Walianza kwa kuniita kwenye semina. Hoteli, kiyoyozi, makabrasha, chai ya saa nne. Mtaalamu anawasilisha mada, halafu mimi nasimama kutoa ushuhuda. Watu wanafuta machozi, tunapiga picha ya pamoja. Mtaalamu anasaini malipo ya uwezeshaji, mimi nasaini nauli. Usiku wake silali. Nikijitahidi nikasinzia, naota niko jikoni Tabata natafuta ufunguo wa geti.

Niliomba wanitafutie mnasihi. Meneja akanijibu, tena kwa upole kabisa: "Dada, si wewe ndiye unayewanasihi wasichana wetu?"

Kazi ninayoipenda ni ya stendi. Tunakaa Mbezi, Stendi ya Magufuli, mabasi ya mikoani yakiingia. Wenzangu wenye digrii wanatafuta msichana anayelia. Nani analia siku hiyo? Mimi nilikuwa na furaha, nakuja mjini! Mimi naangalia tiketi ameshika nani na simu ameshika nani. Binti ana begi lake la shangazi kaja, tiketi iko kwa mtu mwingine, ukimuuliza anaenda mtaa gani anamtazama yule mtu kwanza. Huyo ndiye wa kusogelea. Fomu yetu ilikuwa inauliza, "Je, umeletwa kwa nguvu?" Wote wanajibu hapana, fomu inafungwa, binti anapanda bodaboda na kupotelea mjini. Nikapendekeza tuulize: mshahara wako atapokea nani? Ukitaka kuongea na mama yako leo usiku, utatumia simu ya nani? Walinizungusha sana mpaka kukubali. Kwenye ripoti ya mfadhili ikaandikwa ni matokeo ya mapitio ya wataalamu.

Sasa wananipa cheo: Mratibu wa Sauti za Manusura. Mkataba wa mwaka mmoja, mshahara unapanda. Kazi yenyewe ni kuzunguka mikoani nikisimulia, na kuwaandaa wenzangu nao wasimulie. Nisaini? Na nitadai vipi huduma ya afya ya akili bila wao kusema "huyu bado hajapona" wakampa mwingine?

---

Kijiwe_Sinza

Dada shukuru Mungu. Watu wana masta wanauza vocha. Saini, usingizi utakuja ukishalipa kodi ya miezi sita.

---

Mstaafu_Ustawi

Marahaba binti yangu. Nimefanya kazi ustawi wa jamii miaka mingi, Temeke na kwingineko, kwa hiyo nisikilize.

Unachokiomba si hisani. Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo Tanzania imeiridhia, ibara yake ya 6 inataja wazi kupona kwa mwili, akili na maisha ya kijamii, na inataja mashirika kama lenu kuwa washirika wa serikali katika hilo. Sheria yetu ya mwaka 2008 ya kupinga usafirishaji huo nayo ilianzisha mfuko wa kuwasaidia wahanga. Haikusemwa popote kwamba mtu akiajiriwa anaacha kuhitaji msaada.

Hilo jibu la meneja wako nimelisikia kwa wengi. Zimbabwe, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani kuzungumza na watu wenye sonona, wanakaa nao kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kuwa inasaidia kweli. Kwa hiyo mtu asiye daktari anaweza kunasihi, sibishi. Lakini bibi wale wana wasimamizi wa kitaalamu, wanawapelekea kesi zilizowalemea. Wewe nani yuko juu yako? Kama hakuna, hapo wamekubebesha mzigo tu.

Ndoto za kujirudia na kukosa usingizi kila baada ya kusimulia ni dalili za kiwewe, na zinatibika. Nenda Muhimbili, idara ya magonjwa ya akili. Usiogope jina la idara. Na kwa maoni yangu uache kwanza kuhoji wale mabinti, stendi na ofisini, mpaka utulie.

---

MamaWawili_Mbagala

Mzee wangu shikamoo, lakini hapo mwisho nakataa. Usimwondoe mtoto stendi!

Mdogo wangu, mimi nimetokea Muscat, Oman, kwenye kazi za ndani. Pasi ya kusafiria ilishikwa na tajiri tangu uwanja wa ndege, mkataba niliosainishwa ulikuwa wa Kiarabu, sijui hata herufi moja. Niliporudi nilisimulia kila nilipoitwa, kanisani, redioni, ofisini kwa watu. Mwili ukaanza kukataa. Nikiona kipaza sauti mikono inatetemeka. Siku hizi wakiniita nauliza: mnataka nije kusimulia au nije kusoma hicho mlichoandika? Wakisema kusimulia, nawaambia nina wateja wa maandazi.

Wasichana wanaokwenda Uarabuni nawasomea mikataba yao, naonyesha penye mtego. Hiyo inanichosha mwili tu. Usiku nalala fofofo.

---

Wa_Tandika

Da mkubwa umenigusa penyewe. Baada ya siku nzima stendi na vumbi lake nalala. Ni jukwaa ndilo linaloninyima usingizi. Mzee wangu, nimekusikia kuhusu Muhimbili na nitaenda, ila stendi niachie.

Kijiwe, vocha siku hizi nani ananunua?

---

Mhasibu_wa_Miradi

Nimefanya hesabu za miradi ya namna hii Kinondoni na Ilala, kwa hiyo acheni niseme ya ndani.

Mfadhili akiona cheo chenye neno "manusura" kwenye andiko la kuombea fedha, anafurahi. Swali ni nini kimekaa chini ya cheo. Omba hadidu za rejea, yaani karatasi ya majukumu yako, uzisome mwenyewe, usisomewe. Angalia kama una sauti kwenye bajeti yoyote, hata ya chai. Angalia kama unaingia kikao cha menejimenti au unaitwa mwishoni kufunga kwa sala. Marekani liliundwa baraza la ushauri la manusura kwa sheria ya mwaka 2015. Walikuwa wanateuliwa na Rais, wanapitia sera za idara za serikali na kutoa ripoti kila mwaka. Wewe fomu ile ya stendi ndiyo kazi ya aina hiyo, na umeshaifanya bila cheo.

Huduma ya akili usiiombe kwa mdomo kwa meneja. Iwe mstari kwenye bajeti: "unasihi na usimamizi wa kitaalamu kwa wafanyakazi wote wanaohudumia wahanga". Wafanyakazi wote, umeona? Hapo husemi wewe ni mgonjwa, na kusema kweli hao wenye digrii nao hawalali, wanaficha tu. Mnasihi awe wa nje ya shirika, alipwe kwa idadi ya vikao, jina la aliyekwenda lisifike kwa meneja wala kwangu mimi mhasibu. Mkaguzi atataka risiti, hatataka majina.

---

Wa_Tandika

Hapo kwenye majina ndipo palinitisha. Kwa hiyo risiti inaandikwaje?

Na kitu kingine. Hilo la kuwaandaa wenzangu wasimulie sitalifanya. Kuna mmoja ana miaka kumi na sita, wanamtaka kwenye maadhimisho ya Julai 30, siku ya dunia ya kupinga usafirishaji haramu wa binadamu. Siwezi kumsukuma yeye jukwaani ili mimi nishuke.

---

Mstaafu_Ustawi

Mtoto chini ya miaka kumi na minane hasimamishwi mbele ya kamera kuelezea alivyotendewa. Hilo usilijadili nao, wapelekee kwa maandishi na nakala kwa afisa ustawi wa wilaya. Stendi nakuachia, ila usikae peke yako, muwe wawili.

---

Mhasibu_wa_Miradi

Risiti: "vikao vinne vya unasihi, mwezi Juni", jina la mtoa huduma, kiasi, muhuri. Basi. Orodha ya majina anabaki nayo mnasihi.

Hicho kipengele cha kuandaa wengine waambie wakifute, waweke "kupitia fomu, mafunzo na mwongozo wa kuwahoji wahanga". Na kusimulia iwe kwa hiari yako kila mara, na ukisimama mbele za watu ulipwe kiwango kile kile cha mwezeshaji. Wakisema mfadhili hataki, omba kuona barua pepe ya mfadhili. Mara nyingi hakuna aliyewahi kumuuliza.

---

MamaWawili_Mbagala

Wanakuhitaji kwenye andiko lao kuliko unavyowahitaji. Usisaini siku hiyo hiyo, waambie unaenda kusoma nyumbani. Nitumie ujumbe wa faragha tuupitie pamoja kabla hujarudisha.